Nzi-maua: maswali ninayoulizwa kila msimu wa mvua hapa Busia

Ninalima sukuma wiki, vitunguu na maharagwe upande wa Uganda wa Busia, na nyuma ya nyumba nina mizinga michache. Kwa sababu ya mizinga hiyo, kila mdudu mwenye mistari ya njano na nyeusi analetwa kwangu, akiwa amefungwa kwenye kavera (mfuko wa plastiki) au amefunikwa na glasi ya chai. Karibu nusu yao si nyuki. Ni nzi. Nimechoka kurudia maelezo yale yale sokoni, ndiyo maana nimeyaandika.

Huyu niliyekuletea ni nyuki au nyigu?

Hesabu mabawa. Nyuki na nyigu wana manne, mawili kila upande, ila yameshikana hata ukitazama haraka unaona mawili. Nzi anayo mawili tu. Mahali pa yale ya nyuma pamebaki vijiti viwili vifupi vyenye kichwa kama cha njiti ya kiberiti.

Lakini nani atahesabu mabawa ya mdudu anayehangaika ndani ya kavera? Mimi huanza na uso. Nzi-maua ana macho makubwa yaliyochukua karibu kichwa kizima, na vipapasio vifupi mno, kama nukta mbili zilizobandikwa kwenye paji la uso. Vipapasio vya nyuki ni virefu na vimepinda kama kiwiko. Halafu tazama miguu ya nyuma: nyuki mfanyakazi akitoka mauani mara nyingi amebeba donge la chavua kila mguu. Nzi-maua habebi donge, kwa kuwa hana watoto nyumbani wa kuwapelekea.

Mwenye lenzi aangalie bawa. Katikati yake kuna mshipa wa uongo, mstari unaopita peke yake bila kuungana vizuri na mishipa mingine. Wanaosomea wadudu humtambua kwa huo.

Kwa Kiswahili anaitwaje?

Nzi-maua, au nzi wa maua. Majirani zangu Waganda wanamwita nsowera kama nzi mwingine yeyote, na wengi hapa mpakani wanamwita nyuki tu, mambo yakaishia hapo. Kwa wasomi ni jamii ya Syrphidae.

Anauma? Ana sumu?

Hana mwiba, hana sumu, na mdomo wake ni wa kulamba. Huwezi kumlinganisha na mbung'o. Mshike mkononi bila wasiwasi. Wengine ukiwashika watavuma kwa hasira na kukuchomeachomea ncha ya tumbo kwenye kidole kama wanaochoma kweli. Ni maigizo. Hata mimi, miaka yote hii, bado huwa nafungua mkono.

Kama hana silaha, mistari ya nyigu ameipata wapi?

Aliyelieleza jambo hili vizuri kwanza ni Mwingereza Henry Walter Bates, aliyekaa miaka 11 katika misitu ya Amazon akikusanya vipepeo. Mwaka 1862 alichapisha hoja yake: mnyama asiye na madhara akifanana na mwenye madhara, ndege aliyewahi kuumia atawakwepa wote wawili. Kizazi baada ya kizazi, anayefanana zaidi ndiye anayebaki kuzaa. Bates alizungumzia vipepeo, lakini nzi-maua wamekuwa mfano unaotajwa kila mahali.

Kuiga kwenyewe hakulingani. Wadogo wengi wa kwenye sere (kishona nguo) na dania wana mistari ya njano tu, na ukiwazoea hawakudanganyi tena. Wengine wameigiza nyuki wa asali mpaka rangi ya manyoya. Kisha kuna wale waliofanana na nyigu wanaojenga vyumba vya udongo ukutani: kiuno kimebanwa, bawa lina ukingo mweusi, na vipapasio vimeinuliwa juu ya kikonyo ili vionekane virefu. Huyo wa mwisho alinilaza njaa. Nilimkuta kwenye ukuta wa jiko, nikaogopa kuingia kuchukua sufuria.

Anawezaje kusimama hewani kama aliyetundikwa kwenye uzi?

Mabawa yanapiga zaidi ya mara 100 kwa sekunde, na vile vijiti viwili vya nyuma vinatikisika kwa mwendo huo huo. Mwili ukipinda hata kidogo, vijiti vinahisi mkengeuko huo na kupeleka habari kwenye misuli ya bawa. Macho nayo yanashika alama iliyopo mbele, jani au ukuta, na mdudu anajirekebisha asisogee mbali nayo. Ndiyo maana upepo ukimsukuma, anarudi pale pale.

Kuna mmoja uani kwangu, kila asubuhi yuko hewani mahali pale pale. Nikipita ananijia usoni. Nimemkosea nini?

Hujamkosea. Huyo ni dume analinda uwanja wake. Mahali penye jua kati ya miti ni pazuri kungojea majike, kwa hiyo kila kinachopita anakifuata kukikagua: nyuki, kipepeo, hata wewe. Mrushie kijiwe kidogo, kipite karibu naye bila kumpiga. Atakifukuza kijiwe kama mshale, kisha atarudi kwenye pointi yake kama mtu wa boda boda aliyekosa abiria. Watoto wangu wanaweza kucheza mchezo huo nusu saa.

Kumtambua dume ni rahisi: katika aina nyingi macho yake yanagusana juu ya kichwa. Ya jike yameachana, kuna njia katikati.

Wale wadogo wanaotua mkononi nikiwa napalilia wanataka nini?

Jasho lako. Wanalamba chumvi. Waache, wataondoka.

Anakula nini huko mauani?

Nekta, yaani maji matamu ya ua, na chavua. Nekta inampa nguvu za kuruka, na kazi ya kuganda hewani inakula nguvu nyingi. Chavua ni protini, na jike asipoila mayai yake hayakomai. Kwa kuwa mdomo wa wengi ni mfupi, wanapenda maua yaliyo wazi, ambayo nekta yake haiko ndani ya shimo refu. Lipo kundi moja, Rhingia, lenye pua iliyochongoka mbele kama mdomo wa birika, na ndani yake ulimi mrefu. Hao hufika mahali wenzao hawafiki.

Kwenye sukuma wiki yangu kuna vidude vya kijani vinavyotambaa kama konokono wasio na gamba. Nivipondeponde?

Usiguse! Swali hili ndilo lililonifanya niandike ukurasa mzima.

Geuza jani lenye vidukari, wale wadogo wa kijivu au weusi wanaojazana chini ya jani na kufyonza utomvu. (Wengine wanawaita wadudu mafuta.) Katikati yao utaona kitu chenye urefu wa punje ya mchele, au mara mbili ya hapo, kijani au rangi ya kahawa, kimechongoka upande mmoja na kupanuka upande mwingine. Hakina miguu wala macho. Huyo ni mtoto wa nzi-maua. Nitamwita buu, maana huku ukisema funza watu wanatazama vidole vya miguu.

Kaa naye dakika kumi. Ataegemea mkia wake, ainue upande uliochongoka na kuuzungusha huku na huku kama kipofu anayetafuta mlango kwa fimbo. Akigusa kidukari, anakidunga kwa ndoano za mdomo, anakiinua juu ya jani miguu ikining'inia, na kukifyonza. Utaona ngozi ikinywea. Kisha analitupa ganda tupu na kuanza tena. Kwa wengi wao kazi kubwa inafanyika usiku, kwa hiyo unachokiona mchana ni kidogo. Buu mmoja anaweza kumaliza mamia ya vidukari kabla hajakua.

Mama yake hakumweka hapo kwa bahati. Jike anazunguka mimea akitafuta mahali penye vidukari, anatua, anabandika yai moja jeupe lenye umbo la punje ya mchele iliyopunguzwa, anaondoka. Yai linaanguliwa kwa siku mbili tatu, na mtoto anakuta meza imeandaliwa. Katika joto letu anakula wiki moja hadi mbili. Muda wote huo hatoi choo. Siku ya kumaliza kula anaachia kila kitu kwa mara moja, doa jeusi linalong'aa kama lami kwenye jani. Ukiona doa hilo, jua amemaliza zamu yake na yuko karibu anajigeuza bundo, hatua ya kutulia kabla ya kuwa nzi, umbo kama tone la maji lililobandikwa kwenye jani au kikonyo.

Ukiwa na haraka na umewahi kuponda kumi ishirini, usijilaumu. Mimi niliponda wengi kuliko hao.

Nilimweka bundo kwenye chupa nione nzi. Kilichotoka ni kijinyigu. Nani kaniibia?

Swali zuri, nami lilinipata. Nilichukua majani mawili yenye mabundo, nikaliweka kila moja kwenye chupa yake ya jamu na kuifunika kwa kipande cha neti. Katika chupa ya kwanza, asubuhi ya siku ya nane, nilimkuta nzi amesimama ukutani, mweupemweupe, mabawa yamekunjamana kama karatasi ya kufungia chapati. Ndani ya saa moja hivi mabawa yalikuwa yamenyooka, na mistari ya njano ikajitokeza polepole kama picha inayosafishwa. Katika ya pili alitoka nyigu mwembamba, mweusi, mwenye miguu ya rangi ya chungwa.

Huyo ni wa kundi linaloishi kwa kuwavamia nzi-maua. Anayejulikana zaidi duniani ni Diplazon laetatorius. Jike lake linataga yai ndani ya yai au buu wa nzi-maua, mtoto wa nyigu anakaa ndani kimya, anamwacha mwenyeji ale na kukua, kisha anammaliza akishakuwa bundo. Kumbe hata mla vidukari ana mlaji wake. Wapo pia ndege, buibui wanaojificha mauani, na sisimizi. Sisimizi hulinda vidukari kwa ajili ya maji matamu wanayotoa, na buu akiwakaribia wanamshambulia.

Kwa hiyo nikiwa nao sihitaji dawa?

Sitakudanganya. Vidukari wa kike wanazaa bila dume, na wanazaa watoto hai, si mayai. Kidukari mmoja Jumatatu ni ukoo mzima wiki ijayo. Buu anakuja baada ya vidukari kuwa wengi kiasi, hivyo kuna siku kadhaa ambazo unaona shamba linaharibika na mlinzi hajafika. Hapo ndipo watu wengi wanakimbilia bomba.

Mwaka mmoja nilifanya hivyo. Muuzaji wa dawa aliniambia hii inamaliza kila kitu, na kweli ilimaliza kila kitu: vidukari, mabuu, na wale mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa. Baada ya wiki mbili vidukari walirudi, walioletwa na upepo na waliobaki kwenye mikunjo ya majani, na safari hii hapakuwa na wa kuwala. Nikapulizia tena. Msimu ule nilinunua dawa mara nne kwa sukuma wiki ya kuuza kwa mafungu.

Siku hizi nageuza majani kumi kabla ya kuamua. Nikiona mabuu, au vidukari waliovimba na kuwa rangi ya kahawa iliyokauka (hao nao wameshavamiwa na vijinyigu), nasubiri siku nne au tano. Jani lililojaa kupita kiasi nalikata na kuwapa kuku. Nikilazimika kupulizia, napulizia mashina yaliyozidiwa tu, jioni, maua yakiwa hayana wageni. Na usiamini kwamba maji ya sabuni ni salama kwa kila mtu. Yakimpata buu mwilini naye anaweza kufa.

Na rozeti, ule ugonjwa wa karanga? Watazuia?

Hapana. Virusi vya rozeti vinaletwa na vidukari, na kidukari akishadunga mmea ameshauambukiza, hata akiliwa baada ya hapo. Kwa karanga, panda mapema mvua inapoanza, panda kwa kubananisha, na tafuta mbegu zinazostahimili, kama baadhi ya zile za Serenut zilizotolewa na watafiti wa Serere, mashariki mwa Uganda. Nzi-maua atapunguza idadi ya vidukari. Usimtwishe zaidi ya hapo.

Kwenye maji machafu ya zizi kuna mabuu wenye mkia mrefu kama panya. Ni nyoka wa aina gani?

Si nyoka, na mkia si mkia. Ni pua. Buu huyu anaishi kwenye maji yaliyooza, mahali ambapo hewa imekwisha na samaki angekufa dakika ile ile: mitaro ya zizi, mashimo ya choo, madimbwi ya majani yanayooza. Anakula vijidudu na uchafu chini, huku akinyoosha bomba la kupumulia hadi juu ya maji. Bomba linavutika kama antena ya redio, sehemu ndani ya sehemu, na linaweza kuzidi urefu wa mwili mara kadhaa. Kina cha maji kikiongezeka, anavuta zaidi.

Akikomaa anatambaa hadi pakavu na kuwa bundo, na anayetoka humo ni nzi anayefanana na nyuki dume. Mashuhuri kuliko wote ni Eristalis tenax, anayepatikana karibu dunia nzima. Hivyo yule anayelamba nekta kwenye ua la mwembe wako huenda alikulia chooni kwa jirani. Mabuu hawa hawashambulii mifugo wala watu. Mara chache sana kumeripotiwa mtu aliyewameza kwenye maji machafu na kuumwa tumbo. Chemsha maji ya kunywa, lakini sababu za kufanya hivyo ziko kubwa zaidi ya huyu.

Mtu mmoja aliniambia nyuki wa Samsoni walikuwa nzi. Kweli?

Waamuzi sura ya 14: Samsoni anakuta nyuki na asali ndani ya mzoga wa simba. Watu wa kale kuzunguka Bahari ya Mediterania waliamini kabisa kwamba nyuki huzaliwa ndani ya mzoga wa ng'ombe. Mwaka 1894 mtaalamu wa nzi, Carl Robert Osten-Sacken, aliandika kwamba imani hiyo ilitokana na Eristalis tenax: jike anataga kwenye majimaji ya mzoga, na wiki chache baadaye wanatoka "nyuki". Kwa imani ya ng'ombe hoja hiyo inanishawishi. Kwa Samsoni kuna tatizo la asali, maana nzi hajawahi kutengeneza hata tone. Niliposimulia haya kanisani baada ya ibada, mzee mmoja aliniambia nirudi kwenye vitunguu vyangu.

Wako aina ngapi?

Duniani zaidi ya 6,000. Afrika kusini ya Sahara zinajulikana zipatazo 600. Uganda ina mahali pa kila aina ya maisha: matope ya ziwani, mashamba, misitu kama Mabira, Budongo na Bwindi, hadi nyanda baridi za Elgon na Rwenzori. Msafara wa makumbusho ya Uingereza uliopanda Rwenzori mwaka 1934 na 1935 ulirudi na wadudu wengi sana, nzi wakiwemo, na makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, yana hazina kubwa ya nzi-maua wa Afrika.

Kwa kuanzia jifunze watatu. Ischiodon aegyptius, mwembamba, mistari ya njano, ndiye utakayemwona karibu na vidukari. Phytomia incisa, mnene, kama nyuki aliyeshiba. Na kundi la Eristalinus, ambalo macho yake yana madoa au mistari kama kitambaa cha kitenge. Ukimwona kwa karibu mara ya kwanza utadhani mtu amempaka rangi.

Wapo wanaoharibu mazao?

Wachache. Mabuu wa kundi la Eumerus huingia kwenye vitunguu, hasa vilivyokwisha kujeruhiwa au kuanza kuoza. Ukianika vitunguu vikakauka vizuri na kutenga vilivyokatwa na jembe, hutasumbuka nao.

Ni kweli wengine wanaishi na siafu na sisimizi?

Kundi la Microdon na ndugu zake, ndani ya vichuguu na viota vya sisimizi. Buu wake ni wa ajabu, kama nusu ya dengu kubwa iliyobandikwa chini, mpaka katika karne ya 19 wanasayansi walimwandikisha kama konokono. Wa baadhi ya aina wanakula watoto wa sisimizi wakiwa ndani ya nyumba yao.

Wanachavusha kweli, au wanakula tu?

Yote mawili. Manyoya yanabeba chavua ua hadi ua wakati yeye anashiba. Mzigo wake ni mdogo kuliko wa nyuki, ila harudi mzingani, hivyo anaweza kuipeleka mbali. Na nzi hawa wanasafiri: kusini mwa Uingereza watafiti wamekadiria kwamba hadi bilioni nne hupita kwa mwaka, wakielekea kaskazini na kurudi. Hapa kwetu ninawaona zaidi kwenye maembe, karoti na vitunguu vinavyoachwa vitoe mbegu. Mimi mwenye mizinga nakubali kwamba asubuhi ya mawingu na baridi, nyuki wangu wakiwa bado ndani, nzi wameshaanza kazi.

Nipande nini ili waje?

Dania, uiache itoe maua. Karoti mbili tatu ambazo hutazing'oa. Sukuma wiki iliyozeeka, yenye maua ya njano, usiikate yote siku moja. Alizeti pembeni. Na sere, ingawa najua inang'ang'ania suruali: bakisha mstari mmoja kando ya uzio, fyeka kwingine kote kabla haijatoa mbegu.

Nikitaka kuwaangalia, niende saa ngapi?

Saa mbili hadi saa nne asubuhi, siku inayofuata mvua, jua likiwa limetoka. Simama kando ya sere usisogee, kivuli chako kisiangukie maua, maana wanakiona kabla hujawaona. Wa kwanza atarudi ndani ya dakika mbili.